Mlango upi ubishwe kwanza? Korea ilipowatafuta marafiki wa Magharibi

Tarehe 9 Januari 1888 treni iliteremsha mjini Washington ugeni ambao wenyeji hawakuuzoea: Wakorea waliovaa majoho ya hariri na kofia nyeusi zilizofumwa kwa singa za farasi, ambao safari hii hawakuja kutembea bali kukaa. Kiongozi wao, Park Jeong-yang, alibeba barua ya mfalme wake kwa Rais Grover Cleveland. Ukiitazama kazi yake kwenye karatasi, ilikuwa nyepesi: afikishe barua ikulu, apange nyumba, atundike bendera, aanze kazi ya ubalozi. Lakini kabla hajaondoka Seoul alikuwa amekwisha kuwekewa masharti matatu, na aliyeyaweka hakuwa mfalme wake wala serikali ya Marekani. Yalitoka China.

La kwanza, akifika Washington aende kwanza kwa balozi wa China, na huyo ndiye amfikishe kwenye Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. La pili, kwenye hafla na mikutano akae nafasi ya chini ya balozi wa China. La tatu, jambo lolote zito asiliguse kabla ya kumtaka ushauri balozi huyohuyo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya itifaki tu, ugomvi wa viti na milango. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na kesi yenyewe. Korea ya wakati ule haikuwa na manowari za kumtisha mtu wala fedha za kumnunua. Ilikuwa na mikataba michache iliyotiwa saini, na watu wachache wa kuthibitisha kwa miili yao kwamba mikataba ile ilikuwa na maana: nani aingie kwanza, nani akae wapi, bendera gani ipepee juu ya nyumba gani. Balozi wa Korea akipitia mlango wa China, mbele ya macho ya mabalozi wote wa dunia Korea inakuwa mkoa wa China. Akiupita mlango huo bila kubisha, Korea ni nchi.

Ili kuona jinsi watawala wa Seoul walivyofika mahali pa kumtuma mtu wao Washington, inabidi turudi nyuma miaka 22, wakati walipokuwa hawataki hata kusikia habari za Wazungu. Mwaka 1866 meli ya biashara ya Kimarekani iliyoitwa General Sherman ilipanda Mto Taedong bila ruhusa hadi Pyongyang. Ugomvi ukazuka na wenyeji, meli ikachomwa moto, na waliokuwamo wote wakauawa. Mwaka huohuo Wafaransa walivamia kisiwa cha Ganghwa kulipiza kisasi cha mapadri wao waliouawa Korea. Mwaka 1871 wakaja Wamarekani na manowari tano, wakidai habari za General Sherman na mkataba wa biashara. Katika ngome za Ganghwa waliuawa Wakorea zaidi ya 240, na Wamarekani 3. Bendera ya kamanda wa ngome, Jenerali Eo Jae-yeon, ilichukuliwa nyara ikahifadhiwa katika chuo cha wanamaji huko Annapolis. Ilirudi Korea mwaka 2007, nayo kwa mkopo.

Wamarekani waliondoka bila mkataba, na Seoul ikajihesabu imeshinda. Baba wa mfalme, Daewongun, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mwanawe kijana, aliamuru mawe yasimikwe nchi nzima yenye maandishi ya kuwaonya watu kwamba kupatana na wageni hawa ni kuiuza nchi. Lakini mwaka 1873 mwana, Mfalme Gojong, alishika hatamu mwenyewe. Miaka mitatu baadaye Japani ilileta manowari Ganghwa ikapata mkataba ambao uliwapa Wajapani bandari na kinga ya mahakama zao wenyewe, na bidhaa zao zikawa zinaingia bila ushuru. Gojong alijifunza hapo kwamba mkataba usioutafuta mwenyewe utaletewa, tena umeandikwa na mwingine.

Kijitabu kimoja kikasaidia kugeuza upepo. Mwaka 1880 ofisa Kim Hong-jip alirudi kutoka Tokyo na maandishi aliyopewa na mwanadiplomasia wa China aliyekuwa huko, Huang Zunxian. Hofu ya Huang ilikuwa Urusi. Dawa aliyoiandika kwa Korea ni kuwa karibu na China, kufungamana na Japani, na kujiunga na Marekani, nchi aliyoieleza kuwa iko mbali, ni tajiri, na haina uchu wa ardhi za wengine. Wasomi wa Kikonfusio wa Mkoa wa Gyeongsang walikasirika. Mwaka 1881 walimpelekea mfalme malalamiko yanayokumbukwa kwa jina la Maombi ya Watu Elfu Kumi. Hoja yao ilikuwa kwamba Marekani hatuijui na haina ugomvi nasi. Kwa nini tuikaribishe nyumbani halafu ianze kutudai? Historia imezoea kuwacheka wazee hawa kama wapinga maendeleo. Kwa yaliyokuja kutokea mwaka 1905, nadhani wanastahili kusomwa kwa adabu zaidi.

Upande wa Marekani, aliyekuwa na kiu ya mkataba ni Komodoro Robert Shufeldt. Mwishoni mwa 1878 aliondoka Marekani na manowari Ticonderoga kuzunguka dunia akitafuta masoko. Alipita pwani ya magharibi ya Afrika, akapanda upande wetu hadi Zanzibar, akaingia Ghuba ya Uajemi, na mwaka 1880 akatia nanga Busan. Barua yake kwa mfalme wa Korea, aliyoipitisha kwa Wajapani, ilirudishwa. Ndipo Li Hongzhang, mkubwa wa mambo ya nje wa China, alipomwita Tianjin. Li aliona afadhali Wamarekani waingie Korea kwa mkono wake kuliko Wajapani na Warusi waimeze peke yao.

Kwa hiyo mkataba wa kwanza wa Korea na taifa la Magharibi ulijadiliwa China, kati ya Mchina na Mmarekani, wala Mkorea hakukaa mezani. Kim Yun-sik, ofisa wa Korea aliyekuwa Tianjin na vijana wa mafunzo, aliulizwa maoni pembeni. Li alitaka kifungu cha kwanza kiseme Korea ni nchi iliyo chini ya China. Shufeldt alikataa. Wakaafikiana kwamba kifungu hicho kiachwe, na badala yake mfalme wa Korea amwandikie rais wa Marekani barua ya kusema kwamba nchi yake iko chini ya China lakini inajiendeshea mambo yake ya ndani na ya nje. Ukiona sentensi hiyo haikai sawa, hujakosea: ugomvi wa miaka 12 iliyofuata ulitoka humo.

Tarehe 22 Mei 1882, kwenye hema lililofungwa Jemulpo, bandari ambayo leo ni Incheon, Shin Heon na Kim Hong-jip walitia saini kwa niaba ya mfalme. Ulikuwa mkataba bora kuliko ule wa Japani. Ulitambua haki ya Korea ya kutoza ushuru, asilimia 10 kwa bidhaa za kawaida na 30 kwa za anasa. Ulipiga marufuku kasumba. Kinga ya mahakama ilitolewa, lakini kwa ahadi ya kuondolewa sheria za Korea zitakaporekebishwa. Waingereza walipokuja na mkataba wao Novemba 1883 waliushusha ushuru huo, na kwa kuwa kila taifa lilikuwa na haki ya kupewa lilichopewa jingine, nafuu waliyoipata Waingereza ikawa ya wote. Ujerumani ilitia saini siku ileile na Uingereza. Italia na Urusi zikafuata 1884, Ufaransa 1886.

Lakini kifungu alichokipenda Gojong hakikuhusu ushuru. Kilisema kwamba taifa jingine likimdhulumu mmoja wa waliotia saini, mwenzake, akishaarifiwa, atatumia usuluhishi wake mwema kulimaliza jambo kwa amani. Kwa wanasheria wa Washington hiyo ilikuwa lugha ya kawaida ya mikataba, adabu isiyomfunga mtu. Kwa mfalme aliyezungukwa na China, Japani na Urusi ilikuwa ahadi ya rafiki mkubwa. Lucius Foote, balozi wa kwanza wa Marekani, alipofika Seoul Mei 1883, inasimuliwa kuwa mfalme alicheza kwa furaha.

Furaha hiyo ilizaa safari. Julai 1883 Gojong alituma ujumbe Marekani ukiongozwa na Min Yeong-ik, kijana wa miaka 23, mpwa wa malkia. Naibu wake alikuwa Hong Yeong-sik, na pamoja nao walikuwamo Seo Gwang-beom, Yu Gil-jun na Byeon Su. Mwongozaji wao alikuwa Percival Lowell, tajiri wa Boston ambaye baadaye alipata sifa ya mwanaastronomia aliyeamini kuna mifereji kwenye sayari ya Mars. Mawasiliano yalikuwa kazi: Mkorea husema Kikorea, mwenzake anageuza kwa Kijapani, Mjapani msaidizi wa Lowell anageuza kwa Kiingereza, kisha jibu linarudi kwa njia hiyohiyo.

Tarehe 18 Septemba 1883 walimkuta Rais Chester Arthur katika hoteli ya Fifth Avenue, New York. Arthur alikuwa amesimama katikati ya ukumbi pamoja na waziri wake wa mambo ya nje. Wakorea walijipanga mstari mlangoni, wakapiga magoti, wakainua mikono juu ya vichwa, kisha wakainama mpaka vipaji vya nyuso vikagusa sakafu. Arthur akawarudishia kwa kuinamisha kichwa. Jarida moja la New York lilichora tukio hilo, na mchoro wake ungali unachapishwa mpaka leo, mara nyingi kwa kuwachekesha wasomaji. Sioni cha kuchekesha. Hiyo ndiyo heshima waliyompa mfalme wao, nao walimpa kiongozi wa nchi rafiki sawa na wanavyompa wa kwao. Hawakumpa pungufu, wala heshima hiyo hawakumwekea mfalme wa China peke yake.

Waliona mengi: maonyesho ya bidhaa za nje Boston, viwanda vya nguo Lowell, shamba la mfano, kituo cha zimamoto, posta ya New York, chuo cha kijeshi cha West Point. Taa za umeme ziliwakaa moyoni. Mwaka 1887 taa za Edison ziliwaka katika kasri la Gyeongbok. Yu Gil-jun alibaki Massachusetts kusoma. Min, Seo na Byeon walirudi kwa manowari ya Marekani kupitia Ulaya na Mfereji wa Suez, wakafika nyumbani Mei 1884. Min alimwambia Foote kwamba alizaliwa gizani, akatoka kwenye nuru, na sasa amerudi gizani.

Miezi saba haikupita kabla ya wasafiri hao kugawanyika kwa damu. Hong, aliyevutiwa na posta ya New York, alipewa kuanzisha posta ya Korea. Usiku wa tarehe 4 Desemba 1884, katika karamu ya kuifungua, yeye na wenzake wanamageuzi, Seo akiwamo, walianza mapinduzi yao. Min Yeong-ik, aliyekuwa amechagua kwenda polepole na China, alikatwakatwa kwa upanga. Aliyemshona alikuwa daktari mmisionari wa Kimarekani, Horace Allen, aliyekuwa na miezi michache tu nchini. Min alipona, na Allen akawa mtu wa kasri. Majeshi ya China yalizima mapinduzi kwa siku tatu. Hong aliuawa, Seo akakimbilia Japani na baadaye Marekani.

Marekani ilifanya nini? Mwaka huohuo wa 1884 Bunge lake lilikuwa limekwisha kushusha cheo cha ofisi yake ya Seoul. Foote alikataa kukaa kwenye cheo kidogo, akaondoka Januari 1885, na ubalozi ukabaki mikononi mwa George Foulk, ofisa kijana wa jeshi la majini aliyekuwa akiuendesha kwa fedha za kuungaunga. China kwa upande wake ilimleta Yuan Shikai, kijana mwenye majivuno, kukaa Seoul kama mlezi wa nchi. Huyu ndiye baadaye aliyekuwa rais wa China.

Gojong aliamua kujibu kwa kutuma mabalozi. Mwaka 1887 aliteua wawili: Park Jeong-yang kwa Marekani, na Jo Sin-hui kwa Uingereza, Ujerumani, Urusi, Italia na Ufaransa kwa pamoja. Yuan aliwaka. Jo aliishia Hong Kong, hakuiona Ulaya. Park aliondoka Jemulpo kwa manowari ya Marekani, Omaha, baada ya balozi wa Marekani Hugh Dinsmore kuingilia kati, huku akiwa amebebeshwa yale masharti matatu ambayo mfalme wake alilazimika kuyakubali.

Mengi tunayoyajua kuhusu safari hiyo yanatoka kwa Dk. Allen, aliyekwenda nao kama katibu wa kigeni. Ni shahidi wa kusikilizwa kwa tahadhari, maana alipenda kuwacheka waajiri wake. Ndiye aliyesimulia kwamba kwenye lifti ya hoteli San Francisco walidhani ni tetemeko la ardhi. Lakini jambo moja analisimulia ambalo matokeo yake yanalithibitisha. Walipofika Washington, Park aliogopa. Kukaidi China kungeweza kumgharimu maisha akirudi. Allen alimwambia kwamba siku atakayobisha mlango wa balozi wa China, yeye Allen anaacha kazi.

Park hakubisha. Alipitia Wizara ya Mambo ya Nje moja kwa moja, na tarehe 17 Januari 1888 akaingia ikulu kukabidhi hati zake. Allen anasema mjumbe huyo alitafuta kwa macho mtu aliyevaa kifalme, akakuta mwanamume mnene mwenye koti jeusi kama wengine. Cleveland alizipokea hati kama anavyopokea za nchi yoyote. Balozi wa China, Zhang Yinhuan, alilalamika, Park akatoa udhuru, na wiki zikapita. Kwa mahesabu ya diplomasia, Korea ilikuwa imeshinda vita vidogo bila risasi.

Aliyelipa ni Park mwenyewe. China ilishikilia aadhibiwe, na Novemba mwaka huohuo alilazimika kuondoka Washington. Alisubirisubiri Japani kabla ya kuthubutu kurudi Seoul. Gojong hakumtosa, alimkingia kifua kwa kadiri alivyoweza, na miaka ya baadaye Park akafika hadi uwaziri mkuu.

Ofisi aliyoianzisha iliendelea chini ya makaimu. Mwaka 1889 ilihamia jumba la matofali kwenye eneo linaloitwa sasa Logan Circle. Miaka miwili baadaye Gojong alilinunua kwa dola 25,000 kutoka kwenye mfuko wake mwenyewe, fedha nyingi kwa hazina iliyokuwa inayumba. Bendera ya Taegukgi, iliyofanywa rasmi mwaka 1883, ilipepea juu ya paa. Kuwa na jumba lako mwenyewe ilikuwa namna ya kusema hatukuja kupanga, tumekuja kuishi. Miongoni mwa waliofanya kazi na Park alikuwamo Yi Wan-yong, aliyesoma Kiingereza. Jina hilo kila mtoto wa shule Korea analijua leo, kwa sababu ndiye waziri aliyeunga mkono mkataba wa 1905 na kutia saini wa 1910 ulioikabidhi nchi kwa Japani. Skuli ya diplomasia ni ileile moja, wanafunzi hutofautiana.

Vita vya Japani na China vya 1894 hadi 1895 viliiondoa China Korea. Vya Japani na Urusi vya 1904 hadi 1905 vikaiondoa Urusi. Aliyebaki alikuwa Japani, na sasa kile kifungu cha usuluhishi mwema kilihitajika kweli. Julai 1905 waziri wa vita wa Marekani, William Taft, alizungumza Tokyo na waziri mkuu Katsura: Japani haina nia na Ufilipino, na Marekani haitapinga Japani kuisimamia Korea. Rais Theodore Roosevelt aliyakubali mazungumzo hayo. Siku chache baadaye, Agosti 4, aliwapokea nyumbani kwake Oyster Bay Wakorea wawili, mmoja wao kijana Syngman Rhee, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Korea Kusini. Aliwaambia kwa upole walete ombi lao kupitia ubalozi wao. Walipokwenda ubalozini, kaimu balozi alikataa kulipeleka bila agizo la Seoul. Novemba mwaka huo mwalimu wa Kimarekani Homer Hulbert alifika Washington na barua ya Gojong ya kuomba msaada kwa mujibu wa mkataba. Alizungushwa ofisi hadi ofisi mpaka mkataba wa Japani wa tarehe 17 Novemba ulipokuwa umekwisha kutiwa saini Seoul. Kisha Marekani ikawa nchi ya kwanza kufunga ubalozi wake huko.

London ilikuwa hivyohivyo, ila mtu wa Korea huko hakusubiri mwisho. Yi Han-eung, kaimu balozi wa Korea nchini Uingereza, kijana wa miaka 30, aliiandikia wizara ya mambo ya nje ya Uingereza mara kadhaa akiomba uhakikisho wa uhuru wa nchi yake. Uingereza ilikuwa na mkataba wa urafiki na Japani tangu 1902, na haikumpa jibu la maana. Tarehe 12 Mei 1905 alijiua. Wajumbe watatu waliotumwa kwa siri The Hague mwaka 1907 hawakuruhusiwa hata kuingia mkutanoni, kwa hoja kwamba kwa mkataba wa 1905 Korea haina tena mambo ya nje. Mmoja wao, Yi Jun, alifia hukohuko, na Japani ikamlazimisha Gojong ajiuzulu.

Lile jumba la Logan Circle balozi wa Japani alilichukua mwaka 1910 kwa dola 5, akaliuza kwa Mmarekani kwa dola 10. Likawa kituo cha burudani cha Wamarekani weusi, ofisi ya chama cha wafanyakazi, kisha nyumba ya familia. Serikali ya Korea Kusini ililinunua tena mwaka 2012 kwa dola milioni 3.5, ikalikarabati kwa kufuata picha za zamani, na kulifungua kama makumbusho tarehe 22 Mei 2018, miaka 136 kamili tangu saini za Jemulpo. Ghorofa ya chini imerudishiwa vyumba vya kupokelea wageni na meza ya chakula, mahali ambapo Wakorea wa wakati ule waliwakaribisha wanadiplomasia wenzao na kukaa nao kwenye kiti walichojichagulia.